Kobe wa Mama Idi

Mwaka huo tulikula unga wa njano. Mzee yeyote wa Moshi aliyebakiwa na meno ya kutafunia atakuambia ni mwaka gani: Wazungu walikuwa wanapigana vita vyao, mvua ilikuwa imetukataa, mifereji ya mlimani imekauka mpaka vyura wamehama, na serikali ikaleta mahindi ya ng'ambo, ya njano kama kiini cha yai, yakasagwa na kugawiwa kwa kibaba. Sisi watu wa Uru, kule mlimani, ni watu wa ndizi. Ugali kwetu ulikuwa chakula cha watu wa tambarare na wafungwa. Mwaka huo tuliula, tukanyamaza.

Unga ule ulinuka gunia, na ndani ya harufu ya gunia kulikuwa na nyingine, kama ya chumba kilichofungwa kikalowa. Juzi mjukuu wangu alifungua mfuko wa chakula cha kuku wake wa kisasa, nami nimeketi pembeni namenya ndizi, kisu kikasimama mkononi. Akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nanusa chakula changu cha zamani. Akacheka mpaka akajishika kiuno. Acha acheke. Kuku wake wanakula nilichokula mimi, na mimi nimezaa watoto wa kujaza benchi zima la kanisa, wote wakasimama.

Lakini harufu ile hainikumbushi njaa. Inanikumbusha aibu. Kaa karibu nami nikusimulie, kwa sababu waliokuwepo wote wamekwenda na nimebaki nayo peke yangu kama mtu aliyeachiwa mzigo stesheni.

Nilikuwa msichana wa kama miaka kumi. Mama alibaki Uru na wadogo zangu, akichimba mpaka mizizi ya migomba ili watu wale. Mimi nikateremshwa mjini nikakae na baba, nimpikie, na tumbo langu liwe limepungua kule juu. Baba yangu, Melkiori, alipanga chumba kimoja Majengo, katika nyumba ya mjane aliyeitwa Mama Idi. Na kazi ya baba ilikuwa katika duka la wanyama.

Ndiyo, duka la wanyama. Lilikuwa nyuma ya stesheni, la Mzungu mmoja ambaye watu walimwita Bwana Ndege, kwa kuwa alianza na kasuku. Kabla ya vita alikuwa akikamata viumbe huko tambarare, anawatia katika masanduku yenye matundu, wanapanda treni kwenda Tanga, kisha meli kwenda Ulaya, ambako nasikia watu walilipa ili kuwatazama tu. Vita vilipoanza meli zikabeba askari. Wanyama wakamjaa uani. Ndipo akaanza kuwauzia watu wa hapa hapa, wenye mashamba ya kahawa, Wahindi wenye watoto, maofisa. Na mtu akishauziwa mnyama hurudi kuuliza: huyu anakula nini, mbona hachezi, mbona anatoa povu. Wa kuulizwa alikuwa baba, maana Bwana Ndege alikuwa ama porini ama amelala.

Baba alivaa koti la kaki lenye mfuko mkubwa, na ndani ya mfuko ule funguo za vizimba zililia anapotembea. Mimi nikimaliza kupika nilikwenda dukani, nakaa nyuma ya gunia la mtama wa ndege, natazama. Sikuwahi kuona mtu anayeulizwa mambo mengi kiasi kile na kuyajibu yote.

Nikuambie ukweli wake. Ndege baba aliwajua. Mbwa aliwajua. Nyani aliwajua kama mtu anavyomjua adui wa shamba lake. Ila hawa wa magamba, hawa wanaotambaa, hakuwajua hata kidogo. Kwetu juu kuna baridi, kobe hapandi huko. Kinyonga tunaye, lakini hakuna Mchagga wa wakati ule ambaye angemgusa kinyonga kwa mkono wake. Ni kiumbe wa mkosi, ukimkuta njiani unazunguka. Baba alimhamisha kinyonga kutoka kizimba hadi kizimba kwa koleo la mkaa, uso ameugeuzia ukutani. Na sanduku lake alilifunika kitambaa cheusi. Wateja wakimuuliza kwa nini, aliwaambia, "Huyu hapendi kutazamwa."

Siku moja alikuja mama wa Kizungu mwenye kofia pana, akanunua kinyonga.

"Anakula nini?" akauliza kwa Kiswahili cha jikoni.

"Hewa, memsabu," baba akasema. "Hewa, na umande kidogo asubuhi."

"Hewa tu?"

"Hewa ya hapa Moshi ni nzito, memsabu. Inamtosha."

Yule mama akatikisa kichwa kwa heshima, akaondoka na sanduku lake. Baadaye alimrudisha kinyonga amekauka kama kijiti cha kuwashia moto, na baba akamwambia kwamba nyumba yake ina madirisha machache. Akauziwa mwingine. Mimi nyuma ya gunia nilijaa fahari. Nilimsikia pia Bwana Ndege kwa masikio yangu akimwambia, "Melkiori, mteja akiuliza, jibu. Sikulipi ukawaambie watu hujui." Nikadhani anamsifu.

Sasa nikupeleke kwa Mama Idi.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mweusi wa kung'aa, mama yake Mmanyema na baba yake mtu wa Pangani, yeye mwenyewe kazaliwa Moshi kabla ya reli kufika. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Idi. Idi alichukuliwa jeshini, akapelekwa Burma. Sisi watoto tulidhani Burma ni jina la ugonjwa, kwa jinsi watu wazima walivyolitamka. Kabla hajaondoka alimwachia mama yake kobe. Alimwokota mwenyewe akiwa mdogo, huko chini kwenye vichaka vya kuelekea Kahe, akamfuga miaka yote. Akamwambia mama yake, "Nitunzie huyu mpaka nirudi."

Kobe yule aliitwa Bwana Shauri, kwa sababu, kama yule mkubwa wa bomani, hakuwa na haraka na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alilala chini ya kitanda cha Mama Idi. Alfajiri ungemsikia gamba lake linakwaruza sakafu, kwaru, kwaru, akienda kutafuta jua uani. Kila Ijumaa Mama Idi alimpangusa gamba kwa mafuta ya nazi, tone moja tu maana mafuta yalikuwa adimu, huku akimsemesha: mwenzio leo kala nini, mwenzio kalala wapi. Barua za Idi zilikuwa zimekatika muda mrefu. Mama Idi hakulia mbele ya watu. Aliweka sharti lake moyoni, na siku moja akanitobolea mimi tukichekecha ule unga wa njano: "Vere, huyu akiamka, na Idi ameamka."

Basi ikaingia ile miezi ambayo mlima unajifunika na Moshi nzima inakuwa kama ndani ya pango. Manyunyu, ukungu, nguo hazikauki. Bwana Shauri akaacha kula. Akajificha kwenye kona, kichwa kakivuta ndani, miguu kaivuta ndani. Mama Idi alimtafutia majani ya kunde, alimtafutia boga, hata ule ugali wa njano alimwekea. Wapi. Alfajiri zikawa kimya. Mama Idi akaanza kuamka kabla ya adhana na kuinama chini ya kitanda na taa, anasikiliza.

Nikamwambia mimi, kwa kichwa kimeinuka, "Mama Idi, mbona unahangaika? Baba yangu anawajua wanyama wote wa duniani. Mpeleke dukani."

Angeweza kumuuliza baba nyumbani, walikuwa wanapishana uani kila siku. Lakini jambo lilikuwa kubwa kwake, akataka kuuliza mahali pa kuulizia. Alijitanda kanga mpya, akamweka Bwana Shauri kwenye kikapu, akaja dukani kama mtu anayekwenda kwa daktari. Nyumbani alimwita baba Baba Vere. Siku ile alimwita Bwana.

"Bwana Melkiori, nimekuja na mgonjwa."

Baba alimtoa kobe, akampindua, akamgonga gamba kwa kidole, ko ko. Hakuogopa, maana kobe si kinyonga. Halafu nilimwona anageuza macho kuelekea pembeni ya duka, kwenye pipa lililokatwa nusu. Mle ndani kulikuwa na kobe wa majini, wale bapa, wanaonuka tope, Bwana Ndege aliwatoa kwenye kinamasi. Hao ndio kobe pekee ambao baba aliwahi kuwalisha. Kwake kobe alikuwa kobe.

"Mnamweka majini?" akauliza.

"Majini? La. Anatembea zake uani."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Baba akavuta pumzi, akatikisa kichwa kama padri anayesikia dhambi ya zamani. "Ndiyo maana anaumwa, Mama Idi. Amekaa miaka bila maji yake."

"Lakini mwanangu alimwokota porini kukavu."

"Alikuwa amepotea. Alikuwa anatafuta maji."

Mama Idi akamtazama Bwana Shauri kwa huruma mpya, kama mtu aliyegundua kwamba amemtesa mgeni wake bila kukusudia. "Sasa nifanyeje?"

"Jaza karai. Maji yawe ya vuguvugu, kuna baridi. Mtie, afunikike vizuri. Alale humo mpaka asubuhi. Juu weka ubao na jiwe, maana akipata nguvu atapanda atoke."

Nakuapia, sauti yake haikutikisika hata mara moja. Angekuwa anatoa maelekezo ya kumenya ndizi isingekuwa tulivu zaidi.

Jioni nilisaidia kuchemsha maji. Kuni zilikuwa shida mwaka ule, na Mama Idi alizichoma zote. Alitia kiwiko chake kupima joto kama anayeogesha mtoto mchanga. Akasema bismillahi, akamteremsha. Bwana Shauri alipofika majini alitoa miguu yote minne kwa mara moja, akaanza kupiga. Mama Idi akageuka kwangu anatabasamu, machozi yanamlenga. "Umeona? Ameshapata nguvu." Tukaweka ubao. Tukaweka jiwe. Ubao uligongwa kwa muda kutoka ndani, sisi tunasikiliza tunafurahi, halafu ukanyamaza, nasi tukasema amelala.

Asubuhi Mama Idi aliufunua ule ubao mwenyewe. Mimi nilikuwa nawasha moto. Sikusikia kelele, ndiyo maana niligeuka. Alikuwa amemkalisha mapajani, kanga yote imelowa, na shingo ya Bwana Shauri, ile shingo ambayo hatukuwahi kuiona yote, ilikuwa imening'inia ndefu kama soksi.

Baba akatoka chumbani anafunga vifungo vya koti. Akaona. Mama Idi akamuuliza kwa upole kabisa, "Bwana Melkiori, wewe umewahi kumfuga wa namna hii?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema. Akasema, "Labda ugonjwa ulikuwa umeshafika ndani."

Mama Idi akamngoja. Baba akaongeza, "Dukani yupo mwingine. Nitakuletea, bure."

"Idi hakuniachia mwingine," akasema, akaingia ndani.

Alimzika nyuma ya jiko, kamviringisha kipande cha kanga. Na habari ikatoka kwenda bombani, na bombani ndiko Majengo nzima ilikochota maji. Nilipokwenda na ndoo yangu wanawake walinipisha kwa adabu ya uongo.

"Mpisheni binti wa daktari."

"Eti wewe, kwenu kobe mnamloweka usiku kucha?"

"Si wanaloweka kahawa? Walidhani na huyu ana maganda."

"Ngojeni wamwanike sasa."

Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Nami nilijaza maji yangu nikiwa nimeinamisha uso, na katika kila hatua ya kurudi nilimchukia baba kwa koti lake, kwa funguo zake, kwa ile sauti isiyotikisika. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwonea aibu. Ukishamwonea aibu baba yako huwezi tena kumtazama anakula. Nilikuwa naweka sahani na kutoka nje.

Mama Idi hakutufukuza. Laiti angetufukuza. Alitujibu salamu, alitugawia moto. Ila macho yake yalikuwa mlangoni muda wote, na kila mtu mgeni akikata kona na karatasi mkononi, kama aliyetumwa na jeshi, alishika nguzo ya baraza.

Jumapili baba akaniambia, "Twende nyumbani." Tukapanda Uru kwa miguu, ukungu unatulowesha. Hakula, hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la migomba, ambako mimea ya masale imesimama mstari, akachuma jani moja refu la kijani, akalipangusa kwa kiganja.

Nawaeleza nyinyi mliozaliwa mjini. Isale kwetu ndilo linalosema mpaka ni hapa, na ndilo linaloomba msamaha. Ukimkosea mtu, hata uwe umemmwagia damu, ukafunga fundo kwenye jani la isale ukampelekea, hawezi kukukatalia. Hata awe na hasira ya kutafuna mawe, analipokea. Tangu mlima ule uwepo, sikusikia aliyelikataa.

Mama yangu alisimama mlangoni amejifunga mkanda wa njaa tumboni. Aliliona jani. "Ni la nani?" akauliza.

"La mwenye nyumba wangu."

"Ni Mchagga?"

"Hapana."

Mama akataka kusema neno, akalimeza. Baadaye aliniambia alitaka kusema: sasa yeye atalijuaje? Lakini hakuna mwanamke anayemzuia mumewe aliyekwisha kuchuma isale.

Tulifika Majengo mchana. Mama Idi alikuwa barazani na majirani, wanachambua mchicha. Baba akasimama mbele yake. Alivua kofia. Akalishika lile jani kwa mikono miwili, fundo limetazama mbele, akapiga goti moja kwenye vumbi, kama anavyofanya mtu wa kwetu mbele ya mkubwa wake. Mfuko wa koti ukalia funguo.

Mama Idi akalitazama jani, akamtazama baba. "Nini hiyo, Baba Vere? Umemletea mboga? Keshakufa."

Wale majirani walikufa kwa kicheko. Mmoja aliangukia ungo wa mchicha. Baba hakuinuka. Akaanza kueleza jani ni nini, kwa Kiswahili ambacho ghafla kilimpotea, akachanganya na Kichagga, na kila alivyoeleza ndivyo lilivyozidi kuwa jani tu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Niliona nyayo za viatu vyake zilivyotoboka. Nikayakazia macho yale matundu, maana sikuwa na mahali pengine pa kuyaweka.

Mwisho akaacha kueleza. Akasema, "Mama Idi, sikujua. Kobe wa nchi kavu simjui. Sijui kitu."

Kicheko kikakatika chenyewe. Mama Idi alikaa na ule mchicha mkononi. Akasema polepole, bila kufoka:

"Neno hilo usiniletee leo. Ungeniletea siku ile."

Halafu akaendelea kuchambua.

Baba aliinuka na jani lake. Hakuna aliyewahi kumfundisha la kufanya na isale lililorudi, kwa kuwa halikuwahi kurudi. Alilikunja akalitia mfukoni, pamoja na funguo.

Kesho yake dukani Mhindi mmoja aliuliza kwa nini kasuku wake anajing'oa manyoya. Kasuku baba aliwajua vizuri. Jibu hilo nilishamsikia akilitoa. Akamtazama yule mteja, akasema, "Sijui." Nikadhani nimesikia vibaya. Akaja mwingine na swali la nyoka. "Sijui." Bwana Ndege alikuwa ndani, akatoka na suruali ya kulalia. Kabla ya wiki kwisha baba alikuwa amerudisha koti na funguo, na sisi tunapanda Uru na robo ya gunia la ule unga wa njano, yeye amelibeba kichwani kama mwanamke. Kila tuliyepishana naye aliuliza, "Melkiori, umerudi?" Naye akajibu, "Nimerudi." Mimi nilitembea mbele kidogo.

Baada ya hapo hakuwa na kazi ya mshahara tena. Alilima kahawa yake. Na lile neno halikumtoka mdomoni. Muulize lolote asilokuwa na hakika nalo, mvua itanyesha lini, dawa ya ng'ombe hii ni kiasi gani, atakuambia sijui, kamuulize fulani. Vijana wakampa jina, Mzee Sijui. Nilipokuwa mwali jina hilo lilinichoma. Wachumba walikuja kwa binti wa Mzee Sijui, nami nilitamani nitokee nyumba nyingine yoyote.

Miaka ikaenda. Nikaolewa, nikawa nateremsha ndizi sokoni Moshi. Palikuwa na fundi cherehani barazani Majengo, mguu mmoja haukunjiki, aliyenishonea sare za watoto. Alikuwa mtu wa maneno. Siku moja akiwa anatia uzi kwenye sindano akanisimulia vita vyake, na mvua ya Burma, na kwamba aliporudi na kile kiguu, kitu cha kwanza kumuuliza mama yake kilikuwa kobe wake.

Nikakaa chini juu ya mkungu wangu. Nikamuuliza, "Alikuwaje, huyo kobe?"

"Alikufa, mama. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniambia alikufa kwa baridi. Mwaka ule baridi ilikuwa kali."

"Hakumtaja mtu?"

Akacheka. "Amtaje nani? Baridi ina jina?"

Nilikata kichane kizima cha ndizi nikamwongezea. Akaniuliza leo nimeota nini. Nikamwambia ale tu.

Baba alikuwa ameshakufa. Sikuwa na wa kumpelekea habari ile, nikapanda nayo mlima peke yangu, na nilipofika nyumbani nililia juu ya sufuria mpaka mume wangu akadhani nimeibiwa.

Nimelipokea isale mara kadhaa tangu hapo. Mara moja lilitoka kwa shemeji aliyesogeza mpaka wangu. Nililipokea, kwa sababu kwetu linapokewa, na nyongo ilibaki pale pale ilipokuwa, mdomo wangu ukiwa umefungwa na jani. Ndipo nilipomwelewa Mama Idi. Yeye jani halikumfunga. Alimwambia baba neno lake usoni, mbele ya watu, mara moja, kisha akaufunga mdomo wake mwenyewe, na hata mwanawe wa pekee hakumfungulia. Na baba naye nilimwelewa, nimechelewa. Mtu mweusi nyuma ya kaunta ya Mzungu, mwaka wa njaa, watoto wake wanakula mizizi, alilipwa ili asiseme sijui. Alipoanza kulisema lilimgharimu koti, funguo na mshahara, na kati yetu hakuna hata mtu mmoja aliyemsifu. Tulimpa jina la utani.

Siku hizi naingia maduka ya vijana, la dawa, la mbegu, hili la chakula cha kuku. Kijana ananijibu kabla sijamaliza kuuliza, sauti haitikisiki. Namtazama machoni, namuuliza, wewe umewahi kumfuga? Anacheka, anasema bibi huyu ana maneno. Wiki iliyopita nusu ya vifaranga wa mjukuu wangu walikufa kwa dawa aliyoelekezwa na kijana mmoja wa hapo, akarudi dukani nami nikiwa naye, na yule kijana akaanza kujikuna kichwa, eti kumbe hakuwa na uhakika. Mjukuu wangu alikuwa ameshaanza kumwambia si neno. Nikamsogeza pembeni kwa fimbo, nikamwambia yule kijana kama nilivyolisikia barazani Majengo, bila kufoka:

"Neno hilo usiniletee leo. Ungeniletea siku ile."